Jicho la Mama Nashwa

Ijumaa, 2 Aprili 1999

Gharib amenivua nguo leo mbele za watu.

Nilipita gereji kwake baada ya swala kumuuliza tu – kuuliza! – lini atanibadilishia mkanda wa taimingi wa gari yangu, 128. Mkanda umezeeka, una nyufa ubavuni. Ukikatika njiani, vali zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Hilo nalijua vizuri. Na sikukuu ya machipuko, Sham el-Nasim, imekaribia, mke wangu Kauthar keshamwahidi dada yake kwamba tutakwenda wote Kafr el-Zayat kula samaki ukingoni mwa mto. Gharib akasema Jumatano. Au Jumatano ile nyingine, Mungu akipenda. Nikasema kwa muda huo mimi ningeubadilisha mwenyewe nyumbani mara tatu. Ulikuwa utani! Akaweka spana chini, akajifuta mikono, akawageukia waliokuwa wakinywa chai: "Jamani, inukeni. Mhandisi wa redio kaja kutunyang'anya riziki."

Walicheka wote. Muuza bajia za taamiya alicheka mpaka akaunguza mafuta.

Mtaa mzima wananiita Mhandisi. Sikuwaomba. Mimi ni mtunza stoo wa shule ya ufundi. Niliwahi kutengeneza redio ya kinyozi, halafu pasi ya Mama Nashwa wa ghorofa ya juu, halafu feni za watu – basi, Mhandisi. Sikuwahi kumsahihisha mtu hata mara moja. Jina tamu hilo, nani anataka kulirudisha?

Nimeshasema nitaubadilisha mwenyewe. Nilisema kwa sauti, watu wamesikia. Sasa sina pa kutokea.

Jumamosi, 3 Aprili

Nimenunua mkanda mpya. Nimemuuliza mwalimu wa magari shuleni, kijanja, kana kwamba namuulizia mtu mwingine. Akanichorea: weka alama sawa juu na chini, legeza nati ya roli inayokaza mkanda, vua wa zamani, vika mpya, achia roli ijikaze kwa springi yake, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, tazama alama tena, halafu kaza nati ya roli. Kazi ndogo. Gharib anaifanya ionekane kama upasuaji wa moyo.

Kauthar anasema niache upuuzi, nimwombe Gharib radhi. Nimwombe radhi! Mimi!

Ijumaa, 9 Aprili

Siku yangu! Naandika vidole vikiwa vyeusi, na sitaki kuvinawa.

Nilianza asubuhi, kichochoro kikiwa kitupu. Jeki, gurudumu la kulia nje, mkanda wa feni nje, kifuniko nje. Alama nilizipaka rangi ya kucha ya Kauthar, ile nyekundu aliyoinunua kwa harusi ya mpwa wake na hakuipaka tena. Mkanda wa zamani ukatoka. Nilipoukunja ulitoa sauti kama mkate mkavu.

Watu walipotoka msikitini wakanizunguka. Kila mmoja fundi! Huyu anasema kaza, huyu anasema legeza, huyu shemeji yake alikuwa na 128 kama hii Aleksandria na haikuwahi kubadilishwa mkanda. Hakuna hata mmoja aliyesema sijui. Gharib mwenyewe alipita upande wa pili, akaangalia, akanyamaza. Kunyamaza kule nilikuonja kama asali.

Mama Nashwa alituteremshia chai kwa kikapu chake kutoka barazani juu, bilauri zote zimefunikwa kitambaa, hata moja haikumwagika. Huyu mjane ana mkono wa kikapu kuliko wanawake wote wa mji wetu wa Tanta. Nilikuwa nimevika mkanda mpya, nimetia nati ya roli kwa vidole, nimezungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, alama sawasawa. Basi hapo akainama barazani akapiga kelele: "Mhandisi! Mikono yako dhahabu! Washa basi tuisikie!" Na watu wote: "Washa! Washa!" Nikabana kifuniko, nikarudisha vya kurudishwa, nikaingia, nikawasha.

Ikawaka mara moja. Kama paka aliyeshiba!

Walipiga makofi. Mama Nashwa alishuka mwenyewe na sinia la keki za basbusa, akaizunguka gari, akaipapasa boneti. "Inanguruma kama imetoka kiwandani leo. Tangu marehemu auze ya kwetu sijasikia sauti tamu hivi. Siku ya Nashwa utamchukua humu, Mhandisi, hakuna gari nyingine." Maana Nashwa, binti yake wa pekee, anavishwa dhahabu ya uchumba Alhamisi ya tarehe ishirini na mbili, na mchumba ni Shadi, mtoto wa Hajat Ihsan, dada yake Kauthar. Nikaahidi kwa furaha kwamba nitamchukua.

Tulipopanda ngazi Kauthar akaninong'oneza: "Umemsikia? Kasifu kote kule na hakusema mashaallah." Nikamwambia ale basbusa anyamaze.

Jumamosi, 10 Aprili

Nimekwenda kazini kwa gari na kurudi. Inakwenda kama siagi. Nilipita gereji kwa Gharib taratibu, vioo vimeshushwa. Nilipita mara mbili.

Jumatatu, 12 Aprili – Sham el-Nasim

Sijui nianzie wapi.

Tuliondoka mapema. Kauthar mbele, Hajat Ihsan nyuma na ndoo ya samaki wa kuvundika mapajani, kitunguu cha majani, mayai ya rangi. Njia imejaa watu. Tumeipita Tanta kidogo tu, nikaongeza mafuta nimpite mwenye mkokoteni – TAK! Mara moja. Injini ikafa. Nikapiga stata: inazunguka kirahisi, haina pumzi, haina upinzani. Nilijua pale pale. Vali.

Tulikaa kando ya njia watu wakipita wakiimba. Samaki akanuka. Hajat Ihsan alisema polepole, akitazama mbele: "Nani ameisifu gari hii?" Kauthar hakuhitaji kufikiri. "Mama Nashwa," akasema. "Ijumaa. Aliipapasa kabisa."

Trekta lililobeba majani ya mifugo likatuvuta mpaka nyumbani. Nimeingia kichochoro changu nikiwa nimeshika usukani wa gari lililokufa nyuma ya rundo la majani, na Gharib, aliyekuwa amekaa kitini mbele ya gereji, akasimama akanipigia saluti ya kijeshi. Natamani ardhi ingenimeza na gari lenyewe.

Jumanne, 13 Aprili

Nilisubiri Kauthar aende sokoni, nikashuka nikafungua kifuniko.

Nati ilianguka kiganjani mwangu.

Nati ya roli. Imetafunwa upande mmoja, maana iliingia kwenye meno ya mkanda ikizunguka. Roli inalegalega kama jino la mtoto. Mkanda umeruka meno. Na alama zangu za rangi ya kucha, nyekundu, nzuri, kila moja upande wake.

Sikuikaza. Hilo tu. Niliitia kwa vidole, nikazungusha injini, nikatakiwa kuchukua spana nikaze. Kitu cha mwisho kabisa. Badala yake nikabana kifuniko kwa sababu watu walikuwa wananitazama na mimi nilitaka kutazamwa.

Nikiwa nimechuchumaa pale na nati mkononi, sauti ikatoka juu: "Pole, Mhandisi! Usijali, chuma kitu gani? Mradi mmerudi salama." Mama Nashwa, barazani, ananionea huruma. Nikafunga kiganja. Nikaitia nati mfukoni. Sikufikiri, mkono wenyewe ulikwenda.

Halafu nikafanya jambo ambalo sikudhani ningelifanya. Nikapanda juu nikalifungua kopo la biskuti la vipuri, nikapata nati nyingine ya saizi ile, nikashuka nikaitia kwenye roli nikaikaza. Nikaikaza kwa nguvu zangu zote, mpaka jasho likanitoka. Jinsi nilivyotakiwa kuikaza Ijumaa. Sasa akija mtu ataona kazi safi.

Nimekaa nikafikiri: lakini si ni yeye aliyesema washa? Asingesema washa ningeikaza. Kwa hiyo, ukitazama vizuri, ni yeye kweli aliyeniharibia, na jicho ni nini kama si hivyo?

Nimeyasoma tena haya niliyoandika. Mzee mzima, mwenye mvi!

Jumatano, 14 Aprili

Kauthar amemwita Gharib bila kuniuliza.

Alikuja na taa yake. Nilisimama pembeni kama mwizi. Akafungua, akamulika, akashika roli akaitikisa: haitikisiki. Akatia spana kwenye nati: imekaza. Watu wamejaa, Mama Nashwa yuko barazani juu, Kauthar amefunga mikono kifuani. Gharib akainuka.

"Mimi nimezeeka kwenye oili," akasema. "Mkanda mpya, roli imekazwa kama chuma kimoja, na mkanda umeruka meno. Sijaona. Wallahi sijaona. Mkono wa Mhandisi hauna kosa. Hii si kazi ya mkono wa mtu." Na akanyoosha vidole vitano hewani, kama mtu anayekinga jicho.

Hakuna aliyetazama juu. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso kutazama barazani. Nikasikia mlango wa juu ukifungwa polepole.

Halafu Gharib akanishika bega, akaniomba radhi kwa yale maneno ya redio. Mbele za watu. Akasema kazi ile angejivunia yeye mwenyewe. Na mimi nikasema, "Haidhuru, ndugu yangu." Nikapokea! Nilisimama pale nikapokea radhi ya mtu niliyemdanganya kwa nati.

Amechukua kichwa cha injini gereji kwake kubadilisha vali. Atamaliza wiki ijayo.

Alhamisi, 15 Aprili

Kauthar amekata karatasi mfano wa mtu, akaitoboa kwa sindano, kila tundu na jina. "Jicho la Mama Nashwa. Jicho la Mama Nashwa. Jicho la Mama Nashwa." Nikamuuliza mbona kila tundu jina moja, desturi si unataja watu wote walioiona gari? Akasema hana karatasi ya kupoteza.

Akaichoma na ubani na bonge la shabu. Shabu ikiungua huvimba, hutoa sura ya mwenye jicho, ndivyo wasemavyo. Akaiokota kwa koleo. "Tazama! Huyu hapa. Na ushungi wake!" Mimi nilitazama. Niliona kitu kina masharubu. Sikusema.

Nati imo kwenye suruali ya kazini. Nimevaa ile ile leo tena ili Kauthar asiifue.

Ijumaa, 16 Aprili

Kikapu cha Mama Nashwa kilishuka saa mbili asubuhi, pesa ndani, kama kila siku. Muuza mboga alipita akikiona. Muuza mkate alipita. Mke wa kinyozi alikuwa chini na mjukuu wake, akamfunika mtoto uso kwa ushungi wake. Kikapu kikaning'inia. Baadaye nikaona kamba inavutwa juu.

Ningeweza kukijaza mimi. Nilikuwa nimesimama pale pale, na mkate mkononi.

Jumapili, 18 Aprili

Hajat Ihsan alikuja kula mlenda na sungura. Mdomo wake unakula na unahukumu kwa wakati mmoja.

Anasema hawezi kuuvunja uchumba, Shadi amemng'ang'ania msichana na msichana hana neno. Lakini dhahabu ile ameitafuta kwa miaka. Pete, bangili, mkufu – hawezi kuzifungua mbele ya macho yale. Basi amepeleka ujumbe juu: Alhamisi aje Nashwa, waje wajomba zake. Mama mtu abaki nyumbani kwake.

"Abaki nyumbani?" nikauliza. "Siku ya binti yake?"

"Abaki. Atapelekewa sharubati."

"Naye kasemaje?"

Hajat Ihsan akaramba vidole. "Kakubali. Anajijua."

Nati ilinichoma pajani, wallahi, kana kwamba ina moto. Nikasema – nilijikaza nikasema – "Kauthar, huenda si yeye. Mtu huweza kujipiga jicho mwenyewe. Ile Ijumaa niliitazama gari yangu kwa kupenda sana. Huenda ni mimi."

Walicheka wote wawili. Kauthar alicheka mpaka akashika meza. "Wewe, Baba Hazim? Una kitu gani cha kujionea kijicho?"

Nikacheka nao. Nikaongeza mlenda. Nilikuwa nimeufikia mlango kabisa na nikarudi nyuma, na nikajiambia kwamba nilijaribu. Sikujaribu. Anayejaribu hutoa nati akaiweka mezani.

Jumatatu, 19 Aprili

Stoo, shuleni. Yule mwalimu wa magari ameniuliza rafiki yangu aliendeleaje na mkanda wake. Nimemwambia alifanikiwa.

Jumanne, 20 Aprili

Nimekutana na Nashwa ngazini. Alikuwa amebeba nguo ya Alhamisi imefungwa nailoni, rangi ya peremende. Nilitaka kupita, lakini ngazi zetu nyembamba.

"Ami," akasema. "Wewe ni mhandisi."

Nikasema hm.

"Waambie basi kwamba injini huharibika. Ukisema wewe wataelewa. Mama hali. Jana amekigeuza kioo cha chumbani kwake kitazame ukuta, anasema asije akanitazama kupitia kioo. Waambie tu kwamba magari huharibika."

Macho yake makavu. Amekwisha kulia huko juu, hakuniletea mimi machozi. Na mimi, mtu mzima niliyeitengeneza pasi yao, niliyekula basbusa yao, niliyeahidi kumpeleka kwa gari lile lile, unajua nilimjibu nini?

"Mambo ya Mungu, binti yangu."

Nikapanda. Nikaingia nyumbani nikakaa chooni muda mrefu, bomba limefunguliwa, Kauthar asisikie.

Najaribu kujieleza kwa nini. Si kwamba naogopa Kauthar. Kauthar atapiga kelele siku mbili atachoka. Si Hajat Ihsan. Ni Gharib! Ni lile bega aliloshika. Nikisema nilisahau kukaza nati, basi, nimekuwa kichekesho cha gereji mpaka nife. Nikisema nimeitia nati nyingine kuficha – hapo hata kichekesho sitakuwa. Watageuza nyuso nikipita. Kama wanavyomgeuzia yeye.

Basi hicho ndicho ninachonunua, na anayelipa ni mjane wa juu.

Jumatano, 21 Aprili

Naandika haraka, nimesimama, jikoni. Wako sebuleni.

Gharib alirudisha kichwa mchana, amekifunga, amebana kila kitu kwa mkono wake. Lakini akasema hatawasha. Hawashi mpaka tumalize lile jambo la jicho, asije akaharibikiwa na vali mpya. Kauthar akasema hajapata kipande cha nguo cha mwenye jicho; bila kipande cha nguo yake kuungua, jicho halitoki. Amejaribu kukichomoa kwenye kamba ya kuanikia na Mama Nashwa haaniki tena nje.

Kumbe kuta zetu nyembamba kama ngazi. Baada ya alasiri mlango ukagongwa. Mama Nashwa.

Sijamwona karibu tangu ile Ijumaa. Amekonda. Ameinamisha uso, ushungi umeshushwa mpaka kwenye nyusi, anaangalia sakafu tu, asitutazame. Mkononi ana mkasi na nguo. Nguo ya hariri, kijani, mpya, sindano za mshonaji zingali kwenye pindo. Ile aliyoishonesha avae kesho.

"Nimesikia mnahitaji kipande," akasema. "Sikutaka mhangaike. Hii ndiyo ya karibu na moyo, itafaa."

Kauthar alitazama ile nguo na mimi nikaona anaona haya, naye, kwa mara ya kwanza. Lakini akamkaribisha, akamletea kiti, akawasha makaa. Gharib akasimama mlangoni, kofia mkononi.

Nikasema, "Mama Nashwa, hakuna haja."

"Ipo haja, Mhandisi." Bado anatazama sakafu. "Mimi nimefikiri sana. Siku zile nilikasirika, nikasema wananionea. Halafu nikakumbuka. Niliipenda sauti ya gari yako. Niliipenda mno. Nilirudi juu nikakaa barazani nikaingoja upite tena. Labda nilipenda kupita kiasi. Marehemu naye, asubuhi ile, alivaa shati jeupe, nikamwambia leo umependeza kuliko siku ya harusi yetu. Hakurudi jioni. Sikuwahi kuyaunganisha haya mpaka juzi. Sikukusudia, Baba Hazim. Wallahi sikukusudia, si yeye wala gari yako."

Hapo ndipo alipoinua mkasi, akaushika upande wa makali, akanielekezea vishikio. "Kata mwenyewe. Kata pakubwa. Gari ikiwaka kesho, Hajat Ihsan ameniahidi nitaruhusiwa kusimama mlangoni. Si ndani. Mlangoni tu, niione ikipita."

Anaamini! Nilidhani amekubali kwa unyonge. La. Nimemfanya aamini. Amelala siku mbili juu ya dari yangu akijua kwamba alimuua mumewe kwa kumsifu shati.

Nikashika mkasi. Sikukata. Nikasema ngoja nilete kiberiti cha ubani, na nikakimbilia huku jikoni, nikachukua daftari hili kama mlevi anavyochukua chupa. Sijui naandika nini. Naandika ili nisitoke.

Kauthar anaita. "Baba Hazim, kiberiti!"

Kiberiti ninacho. Kimo mfuko huu wa suruali. Mfuko wa pili una nati.

Gharib yuko mlangoni. Angeiona tu angeijua. Haihitaji maelezo, imetafunwa upande mmoja, fundi yeyote ataisoma kama gazeti. Ningeiweka tu mezani. Hata kusema nisiseme.

"Baba Hazim! Makaa yanazimika!"

Nasikia Mama Nashwa akimwambia asinipigie kelele, labda Mhandisi ana uchungu na gari yake, mwache. Ananitetea. Na sasa nasikia mkasi. Anaikata mwenyewe. Hariri ina sauti yake ikikatwa, nyembamba, inakwenda ndefu, amesema pakubwa na anakata pakubwa.

Nimetia mikono mifukoni, yote miwili, nimeitoa, nimerudi kuandika hivi. Kalamu nimeishika pamoja na nati, na sasa na